Kilo Kamili: Fundi Mizani Aliyewekwa Pembeni

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la nafaka. Baba yake alikuwa mpagazi wa magunia na mama yake aliuza maharage kwa kopo. Alizaliwa na uzito usiojulikana, na jambo hilo lilimuudhi maisha yake yote. "Mkunga alisema mtoto mzito," alizoea kulalamika. "Mzito kiasi gani? Hiyo nayo ni kazi?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Hakuwa wa kwanza darasani ila kwenye hesabu. Siku moja alimwambia mwalimu kuwa rula yake ya mbao imelika mwanzoni, kwa hiyo mistari yote ubaoni ilikuwa mifupi. Alichapwa viboko vinne kwa utovu wa adabu. Baada ya mapumziko mwalimu akaipima rula kimyakimya, akakuta ni kweli, akanunua nyingine. Viboko havikurudishwa.

Tarehe 1 Februari 1976 aliingia karakana ya mizani kama mwanagenzi, na kazi hiyo hakuiacha mpaka mwili ulipomwacha yeye. Alikagua mizani za maduka, za maghala, za zahanati zinazopima watoto. Alitembea na mkoba wa ngozi wenye mawe ya shaba ya kupimia, na lile la kilo moja alilifunga kwa kitambaa cha fulana ili lisikwaruzwe. Muuza duka akimwambia, "Fundi, si inatosha hivyo?" alijibu, "Kilo kamili au si kilo." Jina likamganda, hata wajukuu wanamwita Babu Kilo Kamili.

Wanagenzi wake, ambao baadhi yao wamesimama hapa, aliwafundisha jambo moja kabla hawajashika bisibisi. Mizani mbovu hukosea huku na huku, leo inazidisha, kesho inapunguza. Mizani inayokosea upande mmoja tu, kila siku, usihangaike kuitia mafuta. Hiyo imechezewa.

Kuanzia mwaka 1991 karakana ilimpa pia kazi ya kukagua mizani za mizigo pale uwanja wa ndege. Aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, akanywa chai na makarani, akapiga magoti chini ya kaunta moja baada ya nyingine, kisha akabandika stika yenye tarehe na sahihi yake. Aliipenda sana kazi ile. Alisema ni mahali pekee ambapo tajiri na maskini wanapimwa na chuma kilekile.

Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1984. Mkewe alikuwa binti wa muuza sukari ambaye mizani yake marehemu alikuwa ameikataa mara mbili. Alipopeleka posa, mzee yule aliuliza, "Huyu si ndiye aliyenifungia duka?" Binti akajibu akiwa nyuma ya pazia, "Ndiye. Angalau tunajua hadanganyi." Walijaliwa watoto watatu, na mkewe alimtania mpaka mwisho kwamba alimwoa ili aipate ile mizani.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu wa kawaida ungeruka. Huu hauruki, na sababu itasikika.

Mwaka 2004 marehemu alipanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda kujifunza mizani za kielektroniki. Alivaa kofia yake ya kitambaa cheupe, na ndevu zake zilikuwa na urefu wa ngumi moja. Kwenye ukaguzi walimtoa kwenye foleni, wakamweka chumba cha pembeni, wakamkuta na jiwe la kilo moja limefungwa kwenye fulana. Aliporudi alisimulia huku akicheka. "Hapo walikuwa na haki," alisema. "Mtu mzima anasafiri na donge la shaba! Hata mimi ningejisimamisha."

Mwaka 2009 alisafiri bila jiwe. Wakamsimamisha. Mwaka 2012 alisafiri bila jiwe na bila kofia. Wakamsimamisha. Mwaka 2016 alisafiri na fundi mwenzake wa karakana, asiye Mwislamu, na kwa sababu fundi mizani ni fundi mizani, akaamua kupima. Mkoba wa mawe yote ya shaba ukabebwa na mwenzake, yeye akabeba kanzu, msahafu na mswaki. Mwenzake aliulizwa, "Hivi ni vya kazi?" akasema ndiyo, akapita. Marehemu alikaa chumba cha pembeni dakika hamsini, akiulizwa huswali msikiti gani, imamu ni nani, na kwa nini jina lake ni lile, jina ambalo babu yake alipewa kabla ndege yoyote haijatua kwenye uwanja ule.

Katika chumba hicho palikuwa na meza ya bati, viti viwili, na mizani ndogo ya kupimia vitu vilivyozuiwa. Hata pale kazi haikumwacha. "Wanangu," aliwaambia, "mizani yenu inazidisha gramu arobaini hata ikiwa tupu. Nipeni bisibisi niwarekebishie." Askari mmoja akajibu kwa upole kabisa, "Mzee, bisibisi hairuhusiwi humu."

Aliisimulia hiyo pia, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini binti yake wa mwisho, aliyeuandika na anayeusoma wasifu huu, alimwona baadaye amekaa barazani peke yake. Alimuuliza, "Baba, kuna nini?" Akasema, "Mara nne, mwanangu. Na zote upande mmoja."

Mwezi Mei mwaka 2023 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Tarehe 18 Julai daktari alisema valvu ya moyo imechakaa na upasuaji wake haufanyiki hapa. Hospitali ya mbali ikakubali kumpokea, siku ikapangwa, tarehe 13 Oktoba. Kitanda kimoja, daktari mmoja, foleni ndefu nyuma yake. Ndege ilikuwa tarehe 11.

Binti huyu ni mfamasia. Anajua siku iliyopangwa hospitalini ni kitu gani, na aliogopa. Tarehe 10, alasiri, aliingia chumbani kwa baba yake na bakuli la maji ya moto na nyembe mpya. Alimwambia, "Baba, ndevu zitaota. Moyo hauoti. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Marehemu alizishika ndevu zake. Hakuwahi kunyoa tangu alipooa. "Unaona itasaidia?" akauliza. Binti akasema ndiyo. Akainua kidevu. Mkewe alipoingia akashtuka, kisha akatania ili machozi yasimtoke, "Kumbe nilioa mvulana." Marehemu alijipapasa mashavu akacheka, lakini hakukaribia kioo.

Kesho yake walifika uwanjani zikiwa zimebaki saa nne kabla ya safari, maana ndivyo alivyozoea. Begi lake likawekwa kwenye mizani ya mizigo, na mizani hiyo ilikuwa na stika ya mwaka huo yenye sahihi yake mwenyewe. Karani akamsalimu, "Shikamoo fundi, leo unaondoka kwa mlango wa mbele!" Marehemu alikuwa na furaha. Aliagana na binti yake kwenye ukuta wa kioo, akaenda na bahasha kubwa ya picha za moyo mkononi.

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe, na hakuwahi kutia chumvi kwenye jambo lolote.

Askari alitazama pasipoti, akamtazama yeye, akatazama pasipoti tena. "Mzee, kwenye picha una ndevu."

"Nimenyoa."

"Lini?"

"Jana alasiri."

"Kwa nini jana, na leo unasafiri?"

"Binti yangu aliniomba."

"Kwa nini akuombe?"

Marehemu hakujua kudanganya, hakuwahi kujifunza. "Ili nyinyi msinisimamishe," akasema.

Askari akaandika jibu hilo kwenye fomu. Akampeleka pembeni.

Alikaa humo kwa muda wa saa tatu na dakika kumi. Meza ya bati ileile. Aliwaonyesha bahasha, wakaita mtu wa kuzisoma picha, mtu akachelewa. Aliwaonyesha barua ya hospitali, wakapiga simu, simu ikalia bila kupokelewa. Waliuliza nani mwingine alijua kwamba amenyoa. Nyuma ya kioo binti yake alimsihi kila aliyevaa sare, akiambiwa, "Dada, subiri, ni utaratibu wa kawaida." Alitazama ubao wa safari mpaka mstari wa ndege ile ukafutika. Baada ya robo saa marehemu akatoka na bahasha yake. Walikuwa wamemwambia hana tatizo lolote, na kumtakia safari njema.

"Mwanangu," akasema, "kiti changu kimeondoka."

Ndege iliyofuata ilikuwa baada ya siku tatu. Kitanda kikapewa mwingine, ambaye bila shaka alikihitaji pia. Tarehe mpya ikawa 27 Novemba. Marehemu hakufika. Alifariki dunia tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Daktari wake amesema kwa haki kwamba upasuaji nao ungeweza kushindwa. Hilo limeandikwa hapa kwa sababu marehemu angelitaka liandikwe.

Katika siku zake za mwisho binti alishindwa kula. Alikaa pembeni ya kitanda akasema, "Baba, ni mimi. Ningekuacha na ndevu zako ungepita." Marehemu alikuwa anapata maneno machache kwa pumzi moja, akayatumia yote. "Na mara nne waliponisimamisha nikiwa na ndevu? Na zile nilizokwenda bila kofia, bila jiwe? Wewe ulipunguza ulichoweza upande wetu. Mizani ilishachezewa kabla hujaifikia." Akapumzika kidogo, akaongeza, "Ila zile nyembe uzitupe. Nataka nifike na sura yangu."

Akamwomba jambo moja zaidi. Siku ya kusomwa wasifu wake, habari ile isomwe. "Isizidishwe, isipunguzwe," alisema. "Kilo kamili."

Jana jioni wasifu huu ulisomwa kwanza sebuleni, mbele ya familia. Mdogo wake marehemu, baba mdogo wetu, alisema kwa nia njema, "Hii sehemu ya uwanja wa ndege tuitoe. Kuna wageni, kuna watu wa serikali. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Binti mwenyewe alikuwa tayari kuitoa, na leo anakiri mbele yenu kwamba sababu yake haikuwa wageni. Ilikuwa aibu. Kusoma habari hii ni kusema kwamba aliuambia uso wa baba yake kuwa ni kosa, na akashika wembe.

Mjane ndiye aliyejibu. "Shemeji, mimi nilimfahamu huyu kwa sababu alimkatalia baba yangu gramu hamsini. Leo unataka tumzike na pungufu?"

Ndiyo maana imesomwa. Askari waliomsimamisha huenda ni watu wema kwa watoto wao, na huenda walifanya kama walivyofundishwa. Basi aliyewafundisha naye asikie. Familia ina hasira, na haioni sababu ya kuificha.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja mkubwa, dada wawili na baba mdogo wetu. Ameacha wanagenzi kumi na wanne wanaojua tofauti ya mizani mbovu na mizani iliyochezewa. Ameacha jiwe la shaba la kilo moja, ambalo mjukuu wake mkubwa analo mkononi sasa hivi, likiwa limefungwa kwa kitambaa chake kilekile cha fulana.

Walioandaa mwili wake asubuhi ya leo wametuambia kwamba ndevu zilikuwa zimeanza kurudi, nyeupe, za siku ishirini na tatu. Binti yake aliomba aguse. Aligusa.

Mwenyezi Mungu, ambaye mizani yake haijawahi kuchezewa, ampokee kwa jina lake lote na kwa sura yake yote. Asiulizwe kwa nini anaitwa alivyoitwa. Apite, apumzike, na asiwekwe pembeni tena.