Mama Gaspard Hakuwa Jina Lake

Aliyempa Olga habari ya jiwe kwanza ni Uwayezu, jirani yao wa Nyamianda, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa ameliona likishushwa kutoka kwenye gari la Bukavu: bapa jeusi la marumaru, linang'aa kama kiatu cha harusi, na katikati maandishi ya dhahabu, MAMA GASPARD. "Shemeji yako amejijengea kaburi angali mzima," Uwayezu alisema, akacheka. Olga hakucheka. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kumwambia baba mkwe wake, mzee Rugema, kwa maana ndiye aliyemlisha mzee katika ugonjwa wake wote, wala hakujua kumficha neno.

Jioni ileile mzee aliwaita wanawe: Gaspard, aliyekuja na jiwe la kuweka juu ya kaburi la mama yao siku ya Jumapili, na Chadrack, mume wa Olga. Akataka akalishwe juu ya mito, akasema:

"Sikilizeni, wanangu, wala asinijibu mtu, kwa maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kubishana. Shamba la mpunga la Luberizi mligawane katikati, mpaka uwe ule mfereji, na atakayeuhamisha ili kumwibia nduguye maji, mpunga wake uote makapi. Nyumba hii ni ya Chadrack na Olga. Usinune, Gaspard, unayo yako. Ng'ombe hakuna, mnajua walivyokwenda, na sitaki mrithi kisasi nilichoshindwa kukilipa mwenyewe. Hayo ni mepesi. Zito ni jiwe.

"Mama yenu alilala kwenye kitanda hiki masika yote, na weye Gaspard ulikuwa Bukavu, kila tukikuita barabara imekatika, mara Luvungi hakupitiki, na leo barabara imepona ghafla kwa ajili ya jiwe. Mgonjwa hukumletea hata chungwa, maiti unamletea marumaru. Na jina uliloliandika ni lako. Watu watapita pale waseme, huyu Gaspard ana mali, wala hawatajua aliyelala chini yake aliitwa nani. Aliitwa Mukabalisa. Tena hata huo umama ulioandika umeuanza katikati. Kabla yako kulikuwa na msichana, Amahoro, aliyezaliwa mlimani, akafa mlimani kabla hajaota meno, tukamzika chini ya mianzi bila hata kokoto la kumtambulisha, tukateremka kwa miguu. Huku chini ulipozaliwa weye, majirani wakamwita Mama Gaspard, naye hakuwakatalia, kwa sababu mwanamke mgeni hawezi kumweleza kilio chake kila anayemsalimia. Lakini tukiwa wawili nilimwita Mama Amahoro, mpaka siku aliyokufa, na akaitika. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Miye nasema la Amahoro lipo."

Hapo Gaspard hakuweza kunyamaza. "Baba, tangu nizaliwe mji mzima unamwita hivyo. Nifute jina langu kwa ajili ya mtoto ambaye hata hakutembea?"

"Hata weye hukuwa unatembea walipoanza kumwita kwa jina lako," mzee alimjibu, akakohoa kwa muda mrefu, Olga akampa maji. "Nakujua, ulitaka uzaliwe wa kwanza hata pale ulipokuta mlango umekwisha kufunguliwa. Basi sikia. Aliyemwosha mama yenu ndiye atakayemchagulia jiwe na maneno yake. Olga. Najua hajawahi kuinua sauti mbele ya shemeji yake, na ndiyo maana nasema nikiwa hai, mnisikie wote. Atakayemzuia asishike jembe siku ya kunizika. Mimi mniweke kando ya mke wangu, kichwa kielekee milimani, msiniletee kitu cha kung'aa. Mungu wa baba zangu awape... awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto watakaokuja mkiwa wagonjwa. Chadrack, nishike mkono... huo unaniuma, huu. Mpendane. Mkishindwa kupendana, msidhulumiane. Olga... mtoto analia. Mnyonyeshe."

Akafumba macho, wala hakusema tena.

Gaspard alimfuata Olga mpaka uani. "Weye uko mgeni katika nyumba hii," alimwambia. "Liguse jiwe langu, uone kama sitakurudisha kwenu." Chadrack alisimama karibu, akiangalia vidole vya miguu yake kama aliyepoteza kitu pale chini.

Asubuhi iliyofuata, mzee akiwa bado anahema, Olga alimwacha Uwayezu kando ya kitanda, akaenda na mtoto mgongoni kwa Toussaint, fundi wa makaburi, ambako jiwe lilikuwa limelazwa juu ya mbao. Gaspard alikuwa amefika kabla yake, mikono kifuani. Toussaint akawatazama wote wawili, akauliza ni nani mwenye kazi.

"Ligeuze," Olga alisema.

Upande wa nyuma ulikuwa haujasuguliwa, kijivu, una mikwaruzo ya safari. Fundi akashika kalamu ya risasi. Olga akamtajia herufi moja moja, asije akakosea: M, U, K, A, B, A, L, I, S, A. Chini yake, mama wa Amahoro. Toussaint akauliza kama yametosha.

"Bado," Olga alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Wa Gaspard."

Gaspard aliposikia jina lake likija la pili, alitema mate, akaondoka. Olga akamngoja fundi amalize kuandika, kisha akaendelea na la Chadrack.