Jina Kwenye Modemu

Nyuma yangu kwenye teksi ya kwenda Mbale, mjane wa mtaani kwetu Mafubira alimwonyesha mwanajeshi modemu. "Afande, simu yangu mpya inaikataa. Neno la siri alilijua marehemu mume wangu peke yake."

"Geuza chini, mama. La kiwandani liko kwenye kibandiko."

"Nilikisugua kikatoka, nikiandaa dua yake."

Mafubira tunasugua hata mahali wageni wasipotazama.

"Basi dukani wachome sindano kitundu hiki, ifute yote, uanze upya."

"Na jina lake aliloupa mtandao? Nikiiwasha, simu za majirani bado zinaonyesha 'Mutwalibu Yupo'."

"Nalo litafutika. Mama, mtandao si mtu."

"Kwako, afande."

Teksi iliposimama Mbale, alishuka amekiziba kitundu kwa kidole gumba.