Mkasi wa Mashoto

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemwita Mama Alhamisi. Tumemzika wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na tisa.

Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu siku hiyo hakushona. Hata ungekuwa bwana harusi, suruali yako ingesubiri. Alhamisi alikuwa kwenye chumba cha nyaraka, akipekua madaftari ya sensa ya zamani. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji.

Alikuwa akitafuta jina la mama yake mzazi. Mama huyo alilelewa na shangazi yake, fundi aliyetumia mkono wa kushoto. Mama alipofariki alimwachia bintiye, fundi wetu, mkasi wa shangazi, mkasi wa mashoto, na neno moja: "Mimi ni mtoto wa nyumba ile."

Nyumba ile ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Kama mama alisema kweli, basi mwalimu alikuwa mjomba wa fundi wetu. Lakini mwalimu alikataa katakata. Alisema msichana yule aliokotwa na shangazi. Ukutani alitundika nakala ya sensa: baba, mama, na yeye mwenyewe, mtoto wa siku moja. Msichana hayumo.

"Karatasi haina undugu na mtu, Fundi," alimwambia.

Bintiye fundi anakumbuka: "Nilimwambia, mama, achana nao. Akanijibu, 'Mimi naweza kuacha. Ila mama yangu hana wa kumsemea.'"

Sasa sikilizeni kosa lake. Alijua mama yake alihamia kwa shangazi baada ya bibi kufariki, na sensa ilifanyika kabla ya msiba huo. Kwa hiyo alitafuta nyumba ya baba yake mwalimu tu. Alitafuta kurasa zilizopotea, nakala za pili, hata za mtaa wa jirani.

Halafu Jumatano moja, anapindua pindo la gauni, akasimama ghafla. Mtoto wa siku moja. Yeye alizaa watano. Kila alipojifungua, wakubwa walilala wapi? Kwa shangazi yao.

Na sensa humhesabu mtu pale alipolala.

Kesho yake akaomba daftari la nyumba ya shangazi. Mstari wa pili: msichana, miaka sita, mtoto wa kaka wa mkuu wa kaya. Shangazi alikuwa na kaka mmoja tu, baba yake mwalimu. Msichana alipelekwa kulala kwa siku mbili tatu. Wiki hiyohiyo mama yake akafariki, na mtoto hakurudishwa. Baba akaoa tena, na habari zake zikazikwa.

Fundi alipeleka nakala kwa mwalimu pamoja na ule mkasi. Mzee alisoma mara mbili. Akaishusha fremu ukutani. Akashika mkasi kwa mkono wa kushoto, ukamkaa sawasawa. Akaukata ule mstari, akaubandika juu ya jina lake.

"Dada yangu alitoka ili mimi nizaliwe," alisema. "Kaa, mpwa wangu."

Waliishi kama mjomba na mpwa kwa miezi minne. Wiki iliyopita makaburini, mwongoza mazishi alipouliza nani anasema kwa niaba ya ukoo, mzee alisimama na fimbo yake kabla ya wengine wote.

Kwa wanawe watano, na kwako mjomba, poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla hatujasema fulani si wetu, tuulize kwanza siku ile alilala wapi.