Nje Kulikuwa na Joto Zaidi: Maisha ya Myroslava Vasylivna Dzvinchuk, 1957–2024

Mama yetu Myroslava alizaliwa tarehe 9 Novemba 1957 huko Pechenizhyn, karibu na mji wa Kolomyia, magharibi mwa Ukraine. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa seremala Vasyl Kushniruk na mkewe, Bi Paraska. Theluji ya kwanza ya mwaka ule ilianguka siku hiyo hiyo, na mkunga aliyeingia akiipangusa mabegani alisema, "Huyu hataogopa baridi." Mkunga alikosea. Mama aliiogopa baridi maisha yake yote, na kwa sababu aliiogopa, aliisoma.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia 1964 hadi 1974, kisha chuo cha ufundi mjini Ivano-Frankivsk, alikopata stashahada ya mitambo ya joto mwaka 1978. Darasani walikuwa thelathini na mmoja, wasichana wawili tu. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza binti wa seremala anatafuta nini kwenye mabomba. Alijibu, "Nataka kujua moto unakwenda wapi ukitoka jikoni." Wavulana walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimweka benchi la mbele.

Mwezi Septemba 1978 aliajiriwa katika kituo cha joto cha mjini Kolomyia, akafanya kazi hapo miaka ishirini na mitatu. Kituo kile kilipeleka maji ya moto kwa mabomba yaliyopita chini ya ardhi hadi kwenye majumba kumi na moja ya ghorofa, shule, na wodi ya wazazi. Kila katikati ya Oktoba alifungua vali kubwa kwa mikono yake miwili, na mtaa mzima ukapata joto. Alitusimulia kwamba alipokuwa akirudi nyumbani Januari, nje baridi ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, aliona watu wamefungua vidirisha kwa sababu ndani kumezidi joto, na mvuke ukitoka kila ghorofa kana kwamba jumba zima linapumua. Alisimama kwenye theluji kuutazama. Alikuwa akifanya hivyo hata baada ya miaka ishirini, kama mtu aonaye jambo lile kwa mara ya kwanza.

Kituo hicho ndicho kilichomletea mume. Zenoviy Dzvinchuk, mchomelea vyuma, aliitwa kuziba bomba.

"Dada, bomba lako linavuja," alisema.

"Halivuji, linalia," Mama akamjibu. "Wewe ndiye uliyelichomelea mwezi uliopita."

Walifunga ndoa tarehe 16 Mei 1981. Walijaliwa watoto wawili: Ostap mwaka 1984, na Uliana mwaka 1995, walipokuwa wamekwisha kukata tamaa ya kupata mwingine.

Miaka ya tisini ilipowabana watu wa kwetu, na majumba yakaanza kukatiwa joto moja baada ya jingine, Baba alitangulia Ureno, Machi 2000. Mama alimfuata Oktoba 2001, siku nne ndani ya basi dogo. Walifikia Estremoz, mji huu wa mawe meupe. Sisi watoto tulibaki na Bibi Paraska. Uliana alikuwa na miaka sita, na alikimbia nyuma ya lile basi hadi kwenye daraja. Mama hakuwahi kutusimulia safari ile ilivyokuwa. Alisema tu kwamba hadi mpaka wa Hungaria hakugeuza shingo kutazama nyuma, kwa sababu angeshuka.

Desemba ya kwanza alimwambia Bibi kwa simu kwamba michungwa ya barabarani ina matunda. Bibi akafurahi: "Basi huko hakuna baridi, ashukuriwe Mungu!" Mama akauliza watoto wanaendeleaje. Alikuwa amevaa koti, kofia na soksi jozi mbili, na alikuwa amekaa jikoni kwake.

Tuliungana tena Agosti 2003, miaka miwili kasoro miezi miwili tangu atuache. Nyumba waliyopanga ilikuwa mtaa wa juu, chini ya ngome: kuta nene za mawe, sakafu ya marumaru, bila hata bomba moja la joto. Agosti tuliishangilia kwa ubaridi wake. Novemba ilituonyesha upande wake wa pili. Kwetu baridi ilikaa nje kama mbwa. Hapa iliingia ndani, ikavua kofia, ikakaa nasi mezani. Ndani zilikuwa nyuzi saba, asubuhi na jioni. Shuka zilikuwa na unyevu tulipolala na zilikuwa na unyevu tulipoamka. Nguo ilichukua siku nne kukauka, na ikikauka ilinuka kama pango. Watu tuliotoka kwenye theluji ya kufika kiunoni hatukuwa tumewahi kupatwa na baridi kama ile, na tuliona aibu kuiandika kwenye barua.

Kufikia Desemba kifua cha Uliana kilianza kubana. Alipumua kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari alisema mtoto huyu anahitaji chumba kikavu chenye joto, la sivyo atakuwa mgonjwa kila mwaka, na siku moja itakuwa zaidi ya ugonjwa.

Baba alikata shauri. "Tumrudishe kwa bibi yake. Kule kuna joto. Dereva wa basi dogo la kwetu anaondoka kila Ijumaa."

"Nimemwacha mara moja, Zenko."

"Unataka nini sasa, umzike hapa?"

Kisha Mama akasema, "Nipe hadi Krismasi yetu. Asipopata nafuu, nitamfungia mizigo mimi mwenyewe." Krismasi yetu ilikuwa tarehe saba Januari. Alikuwa na wiki tatu.

Akafanya alichofanya mama yake na mama wa mama yake kila vuli. Alipika gundi ya unga, akakata magazeti vipande virefu, akajaza pamba katika kila ufa wa madirisha, akabandika karatasi juu yake hadi pasiwe na tundu la kupitisha uzi. Nyumba yote. Hata kidirisha cha choo. Alifanya kazi ile kwa ufundi uleule aliofunga nao vali za Kolomyia, na alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akatabasamu. Wiki moja baadaye kuta zilianza kutokwa jasho. Kuvu nyeusi ikatambaa kutoka pembeni mwa dari hadi juu ya kitanda cha Uliana, na mlio wa kifua ukazidi. Mama aliisugua kwa siki kila asubuhi, akaongeza tabaka la pili la karatasi.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mtaa alikuwa Bi Ermelinda, mjane wa miaka sabini na minne asiyejua kusoma. Aliposikia mtoto anaumwa kwa baridi alileta karai lake la makaa, lile ambalo watu wa hapa huliweka chini ya meza ya mviringo yenye kitambaa kizito kinachofika sakafuni, watu wakaingiza miguu. Alileta na makaa. Hakuingia ndani, kwa hiyo hakuyaona madirisha.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 4 Januari 2004, kama saa tisa alasiri. Ostap na Baba walikuwa wamekwenda kumsaidia mtu kuhamisha kabati. Mama na Uliana walikaa kwenye meza yetu, karai likiwaka chini yake, wakichambua maharage ya mkesha wa Krismasi, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba miguu yao ilipata joto. Uliana alilaza kichwa mezani. Mashavu yake yalikuwa mekundu, na Mama alifurahi kuona rangi. Kisha alijaribu kuokota harage, vidole vikapita pembeni yake. Akajaribu tena. Kichwa kilikuwa kikimgonga. Aliutazama mkono wake, na mambo aliyowafundisha wafanyakazi wapya kwa miaka ishirini na mitatu yakamrudia yote kwa pamoja: hewa ya makaa haina harufu, haina rangi, na humlaza mtu kwa upole.

Madirisha hayakufunguka. Aliyaziba vizuri mno. Alichukua mchi wa kitunguu saumu akavunja kioo, akavunja na cha pili, akamkokota mtoto kwa makwapa hadi nje kizingitini.

Bi Ermelinda na wifi zake wawili walikuwa wameketi kwenye benchi, mgongo ukutani, wakimenya machungwa juani.

"Yesu wangu! Yule mgeni anavunja nyumba!"

"Mumewe kamfanya nini?"

"Mume hayupo. Nyamazeni, mlete huyo mtoto hapa! Mlete!"

Uliana alilazwa kwenye mapaja ya Bi Ermelinda, uso juu. Mama alihesabu pumzi kwa sauti, kwa lugha yetu, na wale wanawake wasioijua walihesabu pamoja naye. Alipofika kumi na saba, mtoto alitapika, akalia, akasema anataka kwenda nyumbani. Hospitali walimlaza siku moja, wakamruhusu.

Lakini kuna jambo Mama alilolisimulia zaidi kuliko yote haya, na kila mara alishusha sauti. Gari la wagonjwa lilipokuwa linasubiriwa, aligundua kwamba yuko nje, Januari, amevaa gauni jepesi na hana viatu, na hasikii baridi. Ukuta mweupe nyuma yake ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Chungwa mkononi mwa wifi lilikuwa na joto. Nyuma yake, kupitia kioo kilichovunjika, pumzi baridi ya nyumba ilikuwa ikitoka na kumgusa visigino. Alikuwa amekesha wiki tatu kuzuia kitu kisiingie, na kitu hicho kilikuwa jua. "Nilikuwa nimesoma joto miaka mingi," alisema, "na sikujua lolote."

Kesho yake Bi Ermelinda aliingia bila kubisha, akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"We mama, umejifunga humu kama soseji! Nyumba inatokwa jasho!"

"Nje ni Januari, Bi Ermelinda."

"Januari ndiyo, lakini jua halijafa! Nani kakufundisha kuzika watu wazima wazima?"

"Mama yangu."

"Basi mama yako alikuwa na haki yake, huko kwao. Hapa sogea, niachie kisu."

Waliyabandua magazeti pamoja. Mama, mwenye stashahada, alijifunza upya kwa mwanamke aliyetia sahihi kwa kidole gumba. Saa tano fungua kila kitu, saa tisa na nusu funga. Magodoro yaende juani kabla ya watu. Mtoto asikae ndani mchana, akae benchini na vitabu vyake. Karai la makaa liwashwe uani hadi makaa yawe meupe, na mlango wa jikoni ubaki wazi kiganja kimoja, siku zote. Usiipashe nyumba joto, utashindwa, pasha watu. Kuta zikasuguliwa, zikapakwa chokaa.

Krismasi yetu ilifika. Mlio wa kifua haukuwa umekwisha, ila ulikuwa umeshuka, na Uliana alilala usiku huo bila kukaa kitako. Ijumaa ya tarehe tisa dereva alisimama chini ya ngome akapiga honi. Mama alikaa kitandani, na mizigo ya mtoto miguuni pake, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Baba alimtazama Uliana aliyekuwa benchini akimfundisha Bi Ermelinda kuhesabu kwa lugha yetu. Akatoka na mfuko mmoja tu. Ulikuwa na machungwa ya kumpelekea Bibi Paraska.

Hapa Estremoz Mama alisafisha nyumba za watu, kisha kuanzia 2006 hadi 2022 alihudumu katika makao ya wazee. Bi Ermelinda alimalizia siku zake hapo mwaka 2015, na Mama ndiye aliyemwosha. Mgeni yeyote aliyefika kutoka kwetu, au Moldova, au Romania, alimkuta Mama mlangoni kabla ya Novemba. Alipita chumba hadi chumba akinusa. Vita ilipoanza kwetu na wanawake wakaja na watoto wao mwaka ule wa 2022, aliwaambia, "Kule mji ulikupasheni joto. Hapa mtapashana wenyewe." Kisha akawafungulia madirisha. Sisi wanawe tulizoea kumwona akifanya hivyo. Sasa ndipo tunaona ukubwa wake: mtu mmoja aliwahi kupasha joto majumba kumi na moja kwa vali, na baadaye mtaa mzima kwa maneno.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Évora hadi Desemba, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Mchana tulimtoa nje akae benchini akiwa amefunikwa blanketi. Mjomba Ilko alimpigia simu kutoka Kolomyia, akisema ndugu wamechanga, kaburi la familia lina nafasi, wampeleke akalale karibu na wazazi.

"Myroslava, dada yangu, rudi kwenu," alimwambia.

Mama alipumzika kidogo ili apate pumzi. "Ilko, Uliana yuko hapa," alisema. "Nilimwacha mara moja. Simwachi tena."

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, saa saba mchana, madirisha yakiwa wazi, Uliana amemshika mkono.

Ameacha mume, Zenoviy. Mwana, Ostap, anayewasomea haya, na mkewe Graça. Binti, Uliana, mwalimu wa kuogelea. Wajukuu Danylo, Inês na Paraska. Kaka yake Ilko na dada yake Hafia, ambao hawakuweza kufika. Ameacha pia wale wote waliosimama hapa leo ambao hatuwajui majina, na ambao wanamjua.

Mama, tunakulaza hapa ulipochagua, karibu nasi. Udongo wa Estremoz ukulalie laini, na Mungu akupe amani yake.