Pompe ya Kahawia ya Mama Noella

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Pélagie Inamahoro, Mama Noella wa Songo, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Pumu imemchukua. Narudia: ni pumu, msimtafute mchawi.

Huyu mama hakujua kutulia. Alfajiri yuko ziwani, jua likipanda yuko sokoni Nyamianda na beseni lake, vumbi la pikipiki likimfuata. Kifua kikianza kupiga mluzi, alitoa pompe ya bluu, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, akavuta, akaendelea kubishana na wateja. Mumewe, Mathieu, alikisikiliza kifua kile kuliko alivyotusikiliza sisi redioni. Mluzi ukipanda, naye kiti kilimshinda.

Muuguzi alikuwa amempa mama pompe mbili. Ya bluu, ya kufungua kifua kikibana. Ya kahawia, ya kila siku, asubuhi na jioni, hata ukijisikia vizuri, ili kisibane. Na ukiona bluu inaisha upesi, ujue ugonjwa umepanda, rudi wakubadilishie dawa.

Lakini sisi tunajijua. Kitu kizuri tunakiweka. Sahani nzuri ni za wageni, kitenge kipya ni cha sikukuu. Mama Noella aliiviringisha ya kahawia ndani ya kitenge chake kipya, akaifungia sandukuni. Mathieu alimsihi mpaka akachoka.

"Papa Noella, minye niko muzima," alimjibu. "Ile iko dawa ya nguvu. Naichunga kwa siku ya mubaya."

Siku mbaya ikaja mchana kweupe, bluu imekwisha. Hakuweza kumaliza hata jina la binti yake. Alionyesha sanduku kwa kidole. Noella akakimbia, akaileta. Mama akavuta, akavuta tena, akangoja. Wapendwa, ya kahawia haifungui kifua kilichokwisha kubana. Narudia: haifungui. Mathieu akampakia kwenye pikipiki ya kukodi kumkimbiza hospitali, akamkumbatia nyuma ya dereva. Njiani mluzi ukanyamaza.

"Nilifurahi," Mathieu anatuambia. "Nikasema, sasa anapumua."

Mathieu, pole sana. Noella, pole, mwanangu. Songo nzima inalia nanyi.

Kitenge kile alizikwa nacho, hakuwahi kukivaa. Noella pia kifua chake kinapiga mluzi siku za vumbi. Pompe yake ya kahawia iko mezani, kando ya miswaki, na kila asubuhi baba yake anasimama mlangoni mpaka aivute. Nawe unayetusikiliza, kabla hujazima redio, kafungue sanduku lako.