Kalamu ya Kitabu cha Wageni

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza. Juu ya lori la kabichi nililopanda kuteremka Mombo, mzee mmoja, mwenyekiti mstaafu wa kijiji, alimuuliza binti aliyekalia sanduku la bati anakwenda kusomea nini.

"Shahada ya maendeleo ya kimataifa, babu."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamvuka. "Maendeleo! Wataalamu wake nimewapokea mimi. Wanashuka garini, wanasaini kitabu cha wageni, wanatuamuru tuchimbe matuta, wanakwenda zao. Nawe utakuja hivyo hivyo."

Nami nilichimba. Tuta langu lilibomoka masika ya kwanza.

"Samahani, babu. Kuna hata mmoja aliyekuuliza matuta yakae wapi?"

Mzee akakohoa. "Hakuna."

"Basi nakwenda kumtafuta aliyewafundisha kutouliza."

"Utasaini tu, mjukuu wangu."

"Sisaini! Kwetu Mlola mimi ni mgeni wa nani?"

Lori likasimama Mombo. Mzee akamsaidia kuteremsha sanduku. "Tutaona," akasema. "Kalamu nitakutunzia."

"Itunze, babu," akajibu binti, akijitwika sanduku. "Itakauka wino."