Ana Ndugu: Maisha ya Mama Nabintu Mapendo

Wachungaji wetu, wazee, akina mama, majirani wa Langas na nyinyi nyote mliofika chini ya hema hili leo Jumamosi tarehe 12 Julai 2025, mimi naitwa Kinuthia Muigai, mwana wa Mama Virginia, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, nikaambiwa nisome polepole na nisikasirike, basi hilo la kwanza nitajaribu. Namsomea pia binti yake Ansima, aliyeketi pale karibu na jeneza, ambaye Jumatatu gari la shirika linakuja kumchukua limpeleke kambi ya wakimbizi, kwa sababu wanasema mtoto huyu hana ndugu.

Mama Nabintu Mapendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Walungu, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Cirhuza, akasoma shule ya msingi ya parokia, akamaliza masomo ya ualimu mjini Bukavu mwaka 2002, kisha akafundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini, na mpaka anatuacha hakuweza kuona mtoto ameshika kalamu vibaya akanyamaza, hata kama mtoto ni wa watu. Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, Bisimwa, wakajaliwa Ansima tarehe 22 Mei 2011, na tarehe 30 Juni 2022 watu wenye bunduki walipoingia kijijini, Bisimwa aliuawa, mkewe akamzika bila jeneza, akamshika mtoto mkono, akaondoka na nguo alizovaa.

Walipita Uganda, wakavuka mpaka wa Malaba, wakafika hapa Eldoret Jumamosi tarehe 17 Septemba 2022, na kesho yake mama yangu, akienda ibada ya kwanza, akawakuta wamejikunyata kwenye veranda ya kanisa kwa ile baridi yetu, akarudi nyumbani kuwaletea uji, ibada akaikosa. Jumatatu akawasindikiza hadi kwa hao wanaopewa jukumu la kupokea wakimbizi wapya, shirika ambalo nimeombwa nisilitaje, na sitalitaja, wenyewe wako hapa, safu ya tatu, karibuni sana.

Sasa sikieni. Msaada upo, jamani, tusidanganyane, mkimbizi mpya asiye na mtu wa kumpokea hupewa chakula, blanketi, kodi ya nyumba ya kuanzia, na kadi ya matibabu. Ofisa akamuuliza kama ana ndugu hapa Eldoret, na dada yetu, kwa Kiswahili cha kwao na adabu ya kwao, ambako ndugu ni yeyote aliyekutendea undugu, akamwonyesha mama yangu kwa mikono miwili akasema, "Ndiyo, iko ndugu, ni huyu mama." Mama yangu alifurahi mpaka akafuta machozi. Ofisa akaandika kwamba ana ndugu, akafunga faili, akaita anayefuata.

Kwa neno hilo moja akanyimwa kila kitu. Alirudi kueleza kwamba huyo mama ni ndugu wa uji, si wa damu, akaambiwa mkimbizi akibadilisha maneno ni mwongo, na kwamba maneno yake ya kwanza ndiyo ya kweli. Hee! Mtu anaadhibiwa kwa kusema asante? Kweli aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Sisi tuliochomewa nyumba Burnt Forest kwenye vurugu za uchaguzi, tukalala kwenye hema mwaka 2008, tunajua maana ya kuulizwa maswali na mtu aliyekunywa chai.

Dada yetu hakukaa kuomba, aliingia kazini kwenye kibanda cha mama yangu sokoni, akichambua viazi na kupanga magunia, na jioni akawafundisha watoto wa hii ploti kusoma, tena bila kuitisha chochote. Januari 2024 miguu ilianza kuvimba, daktari akasema ni figo, asafishwe damu mara mbili kwa wiki, jambo ambalo ile kadi ingelipia, lakini kadi hakuwa nayo, tukachanga, tukachoka, tukachanga tena, ziko wiki alienda mara moja, ziko wiki hakuenda kabisa, na Alhamisi tarehe 3 Julai 2025, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, akalala. Wacha niseme wazi, figo ndizo zilizougua, lakini kilichomuua ni ile kalamu ya ofisa.

Na hapo msidhani wamemaliza. Tulipoenda mochari kumchukua tukaambiwa mwili hupewa ndugu tu, shirika likapigiwa simu, na likajibu, bila haya, kwamba marehemu hana ndugu Kenya. Akiwa hai ana ndugu, akifa hana! Mama yangu alikalia kiti cha plastiki mlangoni mwa mochari, akasema yeye haondoki bila mtoto wake, mpaka chifu akaja akamdhamini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania bila kuuliza kabila, wenzake wa soko la viazi waliofunga vibanda leo, Mama Zeinab wa duka aliyetulisha tangu msiba uanze, na majirani wote, maana undugu ni kufaana, si kufanana. Tukitoka hapa tunaelekea Burnt Forest, shambani kwetu, ambako kaburi limechimbwa kando ya la baba yangu, Mzee Muigai, na kwetu Wakikuyu mtu hazikwi hapo kwa kuhurumiwa.

Ofisa, toa kalamu. Andika kwamba Ansima ana nyanya anayeitwa Virginia, ana mjomba anayeitwa Kinuthia, na Jumatatu gari lenu likija, mtoto yuko darasani, ana mtihani wa hesabu, na asisumbuliwe.

Dada Nabintu, mtoto tuko naye. Pumzika sasa, kwa amani.